Kushika na Kuziba: Hotuba Kuhusu Mpaka Kati ya Jino na Kijazio

Ndugu wanafunzi wa tiba ya meno, walimu na wauguzi wenzangu, na ninyi nyote mliokuja kusikiliza kwa sababu tu mna jino lililozibwa na mngependa kujua hasa mliwekewa nini: nawashukuru kwa kufika. Picha iliyo ukutani ni ya gego dogo lililokatwa katikati. Liling'olewa pamoja na mengine matatu kutoka kinywa kimoja ili kupata nafasi ya kunyoosha meno, na mwenyewe aliridhia yatumike katika mafunzo. Tulilichonga tundu ubavuni, karibu na shingo ya jino, tukalijaza kompoziti, yaani kijazio cha plastiki chenye rangi ya jino, kwa uangalifu wote tuliokuwa nao, kisha tukalitumbukiza kwa zamu katika maji ya nyuzi 5 na ya nyuzi 55 mara 500. Baada ya hapo tulilipaka rangi ya kucha kila mahali isipokuwa ukanda wa milimita moja kuzunguka kijazio, tukalilaza katika rangi ya bluu usiku kucha, na asubuhi tukalikata kwa msumeno mwembamba wa almasi.

Tazameni ukingo wa juu, ule unaogusa enameli, gamba gumu la nje la jino. Ni mweupe mtupu. Rangi imefika mlangoni ikarudi. Sasa shukeni hadi ukingo wa chini, ulio kwenye mzizi, mahali ambapo enameli imekwisha. Mstari wa bluu umeingia, umetambaa kati ya jino na kijazio hadi kwenye sakafu ya tundu, na pale umezama katika dentini, tishu iliyo chini ya enameli, kuelekea kwenye kiini, sehemu hai ya ndani yenye neva. Kijazio ni kimoja, mkono ni mmoja, gundi ilitoka katika chupa moja, na kabla ya kukatwa hakuna jicho ambalo lingeona kasoro. Tena kijazio hiki hakikulegea hata kidogo. Tulijaribu kukibandua kwa kifaa, kikagoma. Kimeshika barabara, na bado kinavuja. Hilo ndilo nililokuja kulizungumza: kushika na kuziba ni kazi mbili, na sisi tulio katika fani hii tumezoea kupima ya kwanza na kudhani tumeipata na ya pili. Lugha yetu imeweka jambo hili wazi kuliko vipimo vyetu. Mtu huenda kuziba jino. Haendi kubandikwa kitu kwenye jino.

Kwanza tujue ukubwa wa kinachopita. Bakteria wanaohusika na kuoza kwa meno, akina Streptococcus mutans na wenzao, wana upana unaokaribia nusu ya mikromita hadi mikromita moja, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 70 hivi. Basi pengo la mikromita 10, ambalo ncha ya kifaa chetu cha kupekulia haiwezi kulihisi, kwa bakteria ni lango ambalo kumi wanaweza kulipita bega kwa bega. Ndani ya lango hilo kuna unyevu, kuna sukari inayoingia na mate, na hakuna mswaki unaofika. Hapo ndipo uozo mpya huanzia, chini ya kijazio ambacho kwa nje kinang'aa.

Mwaka 1952, watafiti watatu wa Marekani, Nelson, Wolcott na Paffenbarger, walionyesha jambo hili kwa njia rahisi kiasi kwamba huwa nashangaa tulichelewa hivyo kulitambua. Walipoza meno yaliyozibwa katika maji ya barafu, wakayakausha, kisha wakayatazama kwa hadubini wakati yakipata joto la vidole. Kwenye mipaka ya vijazio vilionekana vitone vidogo vya maji vikichomoza, kama jasho. Sababu ni kwamba kila kitu hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, lakini si kwa kiasi kimoja. Resini ya akriliki, aina ya plastiki iliyotumika enzi hizo, hutanuka na kunywea mara saba au nane zaidi ya jino. Kila mtu alipokunywa kitu cha baridi, kijazio kilijikunyata kuliko tundu lake na kufyonza majimaji ya kinywani. Kilipopata joto, kiliyatema. Jino lilikuwa likivuta na kutoa kama pampu, siku nzima, kila siku.

Kwa miaka mingi, jino lililouma baada ya kuzibwa lilihukumiwa kwamba limedhuriwa na sumu ya kijazio, hasa asidi iliyokuwamo katika saruji za zamani. Mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walichapisha utafiti wa panya waliokuzwa bila vijidudu vyovyote. Magego ya panya hao yalitobolewa mpaka kwenye kiini na kuachwa wazi, chakula kikijazana humo. Viini vyao havikufa. Vilijenga daraja jipya la dentini na kupona. Panya wa kawaida, waliotobolewa vivyo hivyo, walipata usaha na viini vikafa. Tofauti ilikuwa bakteria tu. Martin Brännström wa Uswidi na wengine baadaye walionyesha kwamba chini ya vijazio vingi vilivyosingiziwa sumu kulikuwa na tabaka la bakteria walioingia kwa kuvuja. Ukiuliza kwa nini nalishikilia hivi suala la kuziba, jibu ni hao panya: kiini cha jino kinaweza kuvumilia mengi, lakini hakiwezi kuvumilia mlango uliosahauliwa wazi.

Sasa tuje kwenye enameli, kwa sababu hapo tumefanikiwa na ni haki kusema hivyo. Mwaka 1955 Michael Buonocore alichapisha makala fupi akieleza kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosfori kwa sekunde 30, resini ya akriliki huishika vizuri zaidi sana. Alilichukua wazo kutoka viwandani, ambako asidi hiyo ilitumika kuandaa chuma ili rangi ishike. Yeye alitumia asidi ya asilimia 85; sisi leo hutumia ya asilimia 37 au karibu na hapo. Enameli ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake, nayo imepangwa kama mafungu ya vijiti vilivyosimama wima. Asidi hula vijiti na viunganishi vyake kwa kasi tofauti, na kuacha uso wenye mashimo na vilima vidogo mno. Ukiisafisha kwa maji na kuikausha, enameli hupoteza mng'ao na kuwa nyeupe iliyofifia, mithili ya chokaa. Gundi ya majimaji hutiririka ndani ya mashimo hayo, ikamulikwa, ikagandia humo. Nguvu ya kuibandua hupimwa kuwa megapaskali 20 au zaidi, yaani kama uzito wa kilo 2 unaoning'inia kwenye kila milimita moja ya mraba. La muhimu zaidi ni kwamba enameli iliyokauka imekauka kweli. Hakuna kinachotoka ndani yake kuisukuma gundi. Kwa hiyo mahali hapa kushika na kuziba huenda pamoja, na ndiyo maana ukingo wa juu wa jino letu ni mweupe.

Dentini ni nchi nyingine. Kwa uzito, madini ni takribani asilimia 70, nyuzi za protini ziitwazo kolajeni na vitu hai vingine ni asilimia 20, na maji asilimia 10. Ina vifereji vinavyotoka kwenye kiini hadi kwenye mpaka wa enameli, kiasi cha 20,000 kwa milimita ya mraba karibu na enameli na zaidi ya 40,000 karibu na kiini, ambako pia huwa vipana zaidi. Vifereji hivi vimejaa majimaji, na majimaji hayo yana shinikizo dogo kutoka ndani kwenda nje. Basi kadiri tundu linavyokuwa na kina, ndivyo dentini inavyolowa zaidi, na ndivyo sisi tunavyojaribu kugandisha resini inayochukia maji juu ya ardhi inayotoa chemchemi. Juu ya hayo, keekee yetu huacha utando wa vumbi la kuchonga, wenye unene wa mikromita moja au mbili, uliopakazwa juu ya dentini na kuziba midomo ya vifereji. Gundi za zamani zilishika utando huo, na utando wenyewe haujashika jino kwa nguvu ya maana.

Takao Fusayama wa Japani alipendekeza mwaka 1979 kwamba dentini nayo ipakwe asidi, na wengi walimwona anahatarisha kiini. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1982, Nobuo Nakabayashi na wenzake walieleza kilichotokea pale asidi ilipofanya kazi. Asidi huondoa utando wa vumbi na madini ya juu, ikabakiza nyuzi za kolajeni zikielea. Gundi ikipenya kati ya nyuzi hizo na kugandia humo, hupatikana tabaka jipya ambalo si dentini na si resini, bali mchanganyiko wa vyote viwili. Tabaka hilo lina unene wa mikromita chache tu, na kijazio chote cha kisasa kimesimama juu yake.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu kosa kubwa hufanyika hapa. Fikirini wavu wa uzi mwembamba uliotandazwa majini. Ukiwa ndani ya maji, umefunguka, kila tundu liko wazi. Utoe nje ukauke: unajilaza, unajikunja, matundu yanafungana. Nyuzi za kolajeni zilizoachwa bila madini ziko hivyo hivyo. Ukizipuliza kwa hewa mpaka dentini ikauke kabisa, wavu unalala, gundi inabaki juu yake kama utelezi, na chini yake hubaki dentini iliyotobolewa isiyolindwa na madini wala resini. Ukiacha maji mengi, gundi huchanganyika nayo, hutengana, na kugandia ikiwa na vipovu vya maji. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 tumefundishwa kuacha dentini ikiwa na unyevu unaometa bila dimbwi lolote. Mimi hufuta kwa kipamba kilichonyevuka badala ya kupuliza, na hutazama jinsi mwanga wa taa unavyokaa juu ya sakafu ya tundu. Mng'ao wa utulivu unafaa. Weupe wa vumbi ni ishara kwamba nimekausha kupita kiasi, nami hurudishia tone la maji na kusubiri. Kazi yenye uvumilivu mdogo wa makosa namna hii haifai kufanywa kwa haraka, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Hata ukifanya yote sawasawa, muda nao una neno lake. Gundi nyingi zina viungo vinavyopenda maji, kwa sababu bila hivyo zisingeingia kwenye dentini yenye unyevu. Lakini kinachopenda maji wakati wa kuingia hakiachi kuyapenda baada ya kuganda. Maji hupenya ndani ya tabaka la mchanganyiko kupitia njia nyembamba kuliko bakteria yeyote, na polepole huivunja resini. Nyuzi za kolajeni ambazo resini haikuzifunika huliwa na vimeng'enya ambavyo tayari vimo ndani ya dentini yenyewe, vilivyolala tangu jino lilipoumbwa na kuamshwa na asidi yetu. Kuosha tundu kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya gundi hupunguza kasi ya vimeng'enya hivyo kwa muda. Njia nyingine ni gundi zinazojitayarishia uso zenyewe kwa asidi hafifu, ambazo hazili dentini kwa kina na hivyo haziachi nyuzi nyingi uchi. Bora kati yake zina kiungo kiitwacho MDP, kilichobuniwa Japani, ambacho hujifunga na kalisi ya jino na kutengeneza chumvi isiyoyeyuka kirahisi katika maji. Kwa enameli asidi hiyo hafifu haitoshi, kwa hiyo binafsi hupaka asidi ya fosfori kwenye kingo za enameli peke yake, nikaisafisha, kisha nikatumia gundi ya namna hii kwa tundu zima. Nimeyajaribu mengi na hapo ndipo nilipotulia.

Tuseme tabaka la gundi limekaa vizuri. Sasa tunaweka kompoziti, tunaimulika kwa taa ya bluu, na sekunde hiyo hiyo inaanza kujivuta. Molekuli zilizokuwa zimekaa mbalimbali zinashikana mikono na kusogeleana, na kompoziti hupungua kwa asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Zile nyepesi zinazotiririka huweza kukaribia asilimia 5. Swali ni inajivuta kuelekea wapi. Feilzer, de Gee na Davidson, watafiti wa Uholanzi, walionyesha mwaka 1987 kwamba jibu linategemea umbo la tundu: hesabu nyuso ambazo kijazio kimegandamana nazo, ugawanye kwa nyuso zilizo huru. Tundu lililo katikati ya uso wa kutafunia wa gego lina kuta nne na sakafu, na uso mmoja tu ulio wazi, yaani tano kwa moja. Kompoziti haina pa kujilegezea. Hapo mvutano wote hupelekwa kwenye gundi, na panapoachia huwa ni pale palipo dhaifu kuliko pengine pote: sakafu ya dentini, au ukingo ulio kwenye mzizi. Wakati mwingine gundi haiachii, ikapasuka enameli yenyewe, na mstari mweupe mwembamba ukaonekana pembeni ya kijazio siku hiyo hiyo.

Mtu anayerudi baada ya siku mbili akisema, "Daktari, nikitafuna upande huu linachoma, na maji baridi siyawezi," mara nyingi ana pengo la namna hii kwenye sakafu. Pengo limejaa majimaji. Akitafuna, kijazio kinayasukuma ndani ya vifereji, na neva za kiini husikia mwendo huo kama mchomo. Anashika shavu na kuona haya kulalamika kwa sababu kijazio kinapendeza. Tafadhalini, msimwambie kwamba atazoea. Kuweka kompoziti kwa tabaka zisizozidi milimita 2, zikiwa zimelazwa kwa mshazari ili kila moja iguse kuta chache, na kushika taa karibu na wima ili mwanga ufike chini, hupunguza tatizo hili ingawa hakulimalizi.

Kuna kijazio kingine ambacho maabara hukidharau, nami nakiheshimu sana. Wilson na Kent, wakifanya kazi katika maabara ya serikali jijini London, walieleza mwaka 1972 saruji iliyotokana na unga wa glasi yenye floraidi na maji ya asidi ya poliakriliki. Tunaiita glasi ayonoma. Haihitaji gundi. Asidi yake yenyewe hujifunga na kalisi ya jino, ikiwa ndani ya maji na kwa msaada wa maji. Kutanuka kwake kwa joto kunakaribiana na kwa jino, hivyo ile pampu niliyoieleza haifanyi kazi kwa nguvu. Ukipima nguvu ya kuibandua, mashine husoma megapaskali chache tu, mara nyingi chini ya 10, na mwanafunzi huandika kwamba ni dhaifu. Lakini chukua kipande kilichobanduka ukitazame kwa hadubini. Mara nyingi haikuachia kwenye jino. Ilivunjika ndani yake yenyewe, na utando mwembamba wa saruji umebaki juu ya dentini, ukiwa bado umefunika midomo ya vifereji. Jino letu la kwanza lilikuwa na kijazio kilichoshika bila kuziba. Hapa tuna kijazio kilichokwisha kuachia, na bado kinaziba. Katika tafiti za kliniki za vijazio vya shingo ya jino, ambako hakuna kuta za kukibana kijazio, glasi ayonoma imekuwa miongoni mwa zinazodumu kuliko zote, ikizipita gundi nyingi zenye namba za kupendeza.

Sifa hiyo ndiyo iliyowezesha matibabu ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine, njia iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na kuenea duniani ikitegemea saruji hii. Hasara zake nazisema pia: huchakaa kwenye uso wa kutafunia, huvunjika katika matundu mapana, na ikikauka kabla ya kukomaa hupasuka nyufa, kwa hiyo ni lazima ipakwe utando wa kinga mara tu inapoganda.

Amalgamu, kijazio cha metali cha rangi ya fedha, nitaipitia kwa ufupi. Hii haishiki jino kwa gundi yoyote. Hukaa kwa sababu tundu limechongwa pana chini na jembamba juu. Mwanzoni huvuja, lakini kwa miezi inayofuata kutu yake hujaza pengo, na ukingo hujiziba wenyewe. Ni mfano mwingine wa kuziba bila kushika. Takribani nusu ya uzito wake ni zebaki, na tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaohusu zebaki, nchi zimekuwa zikipunguza matumizi yake, jambo linaloongeza uzito wa yote niliyoyasema, kwani vijazio tulivyobaki navyo havijizibi vyenyewe tukikosea.

Nami nimekosea. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikiziba gego la chini la kijana mmoja. Nilikwisha kupaka asidi, kuosha na kukausha. Enameli ilikuwa nyeupe safi. Aligeuza ulimi kidogo, mate yakapanda juu ya ukingo wa nyuma, labda kwa sekunde moja. Niliyafuta kwa pamba, nikapuliza hewa, nikaona pamekauka, nikaendelea. Niliamini kwamba palipokauka pamesafika. Sikujua, au sikutaka kukumbuka, kwamba protini za mate hukwama papo hapo kwenye uso uliopakwa asidi na kufunika yale mashimo, na kwamba hewa haiziondoi. Alirudi baada ya mwaka na miezi kadhaa. Kijazio kilikuwa mahali pake. Nilipokitoa, ukuta wa nyuma ulikuwa laini na mweusi, na uozo ulikuwa umefika kwenye kiini. Ningerudia asidi kwa sekunde chache na kuosha tena, kiini cha jino lile kingekuwa hai. Tangu siku hiyo hutandika kitambaa cha mpira cha kulitenga jino na mate kila ninapoweza, na pale nisipoweza, kila tone la mate linanirudisha kwenye asidi.

Mate si adui peke yake. Damu ya ufizi hufanya vivyo hivyo, na mafuta ya keekee pia. Saruji za muda zenye eujenoli, yale mafuta yatokayo kwenye karafuu, huzuia resini isigande vizuri, hivyo jino lililokaa na saruji hiyo lisafishwe kikamilifu. Jino lililotoka kung'arishwa kwa peroksidi nalo lisubiri wiki moja hadi mbili, maana oksijeni iliyobaki ndani yake huharibu kuganda kwa gundi.

Neno kwa wanaofanya utafiti. Kipimo cha rangi nilichowaonyesha kinafundisha vizuri, lakini hakitabiri vya kutosha kitakachotokea kinywani. Molekuli za rangi ni ndogo kuliko bakteria, hivyo zinaweza kupita mahali ambapo bakteria hawapiti. Jino lililong'olewa halina shinikizo la majimaji kutoka ndani. Na mkato mmoja wa jino huonyesha mstari mmoja tu wa mpaka ulio mrefu. Vipimo vya kuvuta vijiti vya milimita moja ya mraba, vilivyoanzishwa na Sano na wenzake mwaka 1994, vimetufunulia mengi, lakini kijiti hupimwa kikiwa kizima, na vilivyoachia mapema wakati wa kukata vikiachwa nje ya hesabu, wastani hupanda bila haki. Ninapoletewa gundi mpya yenye namba kubwa ya saa 24, huuliza namba yake baada ya mwaka mmoja majini. Mara nyingi huwa ni namba nyingine kabisa.

Kwa ninyi mliokuja na meno yenu, niongeze hili. Mstari wa kahawia kuzunguka kijazio cha zamani haumaanishi kila mara kwamba kimeoza chini. Unaweza kuwa rangi ya chai au kahawa iliyokaa kwenye ngazi ndogo ya ukingo, ambayo husuguliwa ikaisha. Palipo na pengo mahali pamoja tu, pachongwe pale, pazibwe pale. Kila kijazio kinapotolewa chote, tundu hupanuka, na dentini inayobaki huwa karibu zaidi na kiini, yenye vifereji vipana na maji mengi, yaani ngumu zaidi kuiziba kuliko ile ya mara ya kwanza.

Picha ya mwisho ni ya gego dogo la pili kutoka kinywa kile kile. Tundu lilichongwa kwa vipimo sawa na la kwanza, ila kwenye ukingo wa chini tuliweka kwanza glasi ayonoma, kisha kompoziti juu yake hadi kwenye enameli. Lilipita katika maji yale yale na rangi ile ile. Kwenye ukingo wa chini rangi imeingia kiasi cha nusu milimita ikakoma, na sakafu ni safi. Haya ni meno mawili tu, na yalikatwa yakiwa bado mapya. Mengine mawili yaliyobaki tumeyajaza kwa njia hizo hizo mbili, nayo yamo ndani ya chupa za maji, katika joto la nyuzi 37, kwenye kabati la maabara. Tutayakata yatakapotimiza mwaka.